Bolti Zitaivuta

Wapendwa, kuna swali nimelizunguka miaka mingi bila kuuona mlango wake: fundi mwenye sikio zuri kuliko wenzake wote aliwezaje kusikia milio miwili, akahesabu mitatu?

Hakuwa mlevi, wala mvivu. Siku hiyo alikuwa amemaliza kuiunda upya giaboksi ya otomatiki ya gari la zahanati. Kila kipande alikiosha, akakipuliza, akakipanga juu ya shuka safi kama anayemtandikia mgeni. Ilibaki kazi moja kabla ya kuipandisha garini: kuketisha lile dude zito la mviringo linalopokea nguvu ya injini. Pale gereji waliliita sufuria. Sufuria haisukumwi. Unaizungusha taratibu huku umetega sikio, nayo inazama kwa hatua: kluk, ya kwanza, kluk, ya pili, kluk, ya tatu. Ikikosa ya tatu, imekaa machoni tu.

Mara nesi wa zahanati akaingia, anahema.

"Fundi, kaka yangu, nina mama ana uchungu tangu jana asubuhi. Hospitali iko ng'ambo ya mlima, na gari letu ndilo hili."

"Nipe saa moja, dada."

Akazungusha. Kluk. Kluk. Akazungusha tena, na tena. Moyoni alikuwa ameshafika kitandani kwa yule mama.

"Tatu!" akasema.

"Bwana mkubwa," mwenzake akamwambia, "mimi nimesikia mbili."

"Masikio yako yamejaa grisi. Leta jeki!"

Wakacheka, hata nesi akacheka.

Giaboksi ikapandishwa. Ilipoifikia injini, ikabaki nafasi ya kupitisha kidole.

"Hazitaki kukutana," mwenzake akasema.

"Bolti zitaivuta."

Mmelisikia neno hilo? Giaboksi iliyokaa sawa huifuata injini kwa mkono tu. Bolti ni za kuishikilia, si za kuivuta. Akakaza. Nafasi ikapungua. Akakaza tena, na humo ndani kikalia kitu: ka! Mlio mkavu, kama mfupa.

Fundi alijua kabla ya kufungua. Sufuria iliyokosa hatua ya tatu ilikuwa imeipasua pampu ya mafuta, na bila pampu giaboksi ile ni chuma tu. Spana ikamponyoka.

"Nimeivunja," akasema. "Nilikuwa namkimbilia yule mama, nami nimeivunja."

Nesi akatoka mbio hadi barabarani, akasimamisha lori la mchanga. Mama alifika, akajifungua salama. Lakini fundi hakuyajua hayo mpaka jioni. Mchana kutwa alikaa sakafuni, mikono imelegea magotini, kama aliyefiwa.

Nani amhukumu? Mimi siwezi. Huenda aliisikia huruma yake mwenyewe, akaidhania mlio wa tatu. Sijui.

Ila sisi je? Mwezi uliopita tuliwasimamisha hapa mbele ndugu wawili waliogombea mpaka wa shamba la marehemu baba yao. Kaka akasema samahani. Mdogo akatoa mkono. Nani kati yetu alimsikia yule mdogo akieleza alivyotendewa? Alifungua kinywa, nasi tukaanzisha wimbo. Tuliona kwamba hawajakutana, tukawavuta kwa makofi na vigelegele.

Juzi kaka ameamka, amekuta migomba yake arobaini imekatwa, imelala chini. Naona mnashika vichwa. Naona vidole vinamtafuta mdogo. Vishusheni, wapendwa. Amekosa, naye atajibu kwa kosa lake. Lakini siku ile amani yao ilipovunjika, spana ilikuwa mikononi mwetu sisi, na tulikuwa tunaimba.

Basi wazee wa usharika wamekaa, wakaamua hivi: kule kupeana mikono hatutakuhesabu tena kuwa ni mapatano. Ndugu hawa watasikilizwa, mmoja mmoja, hata ichukue mwaka, na hakuna atakayewaita hapa mbele mpaka waje wenyewe. Kazi hiyo amepewa Mama Nanzia, yule mjane wa kule bondeni, kwa kuwa siku ile ni yeye peke yake ambaye hakupiga makofi, nasi tukamsema kuwa ana moyo mgumu.

Ameanza jana. Alikwenda kwa mdogo, akavuta kigoda, akamwambia, "Mwanangu, nimekuja kusikiliza." Akakaa mpaka jua likatua.