Fimbo Tatu za Punda wa Mzee Tora

Paukwa!
Pakawa!
Masikio yako wapi?
Yako huku!
Na mikono?
Mapajani!
Basi ikae hapo hapo, maana hadithi yetu ni ya mikono.

Hapo zamani za kale palikuwa na mji uitwao Mikuyuni. Kisima kilikuwa mbali, na punda ndio waliofuata maji. Na mji ule ulikuwa na desturi yake. Kabla ya safari, punda huchapwa fimbo tatu. Ya kwanza, ya uvivu wa jana. Ya pili, ya uvivu wa leo. Ya tatu, ya uvivu wa kesho. Nani aliianzisha? Msiniulize mimi, nami nimeikuta.

Ikajengwa skuli ya watu wote, akaja mwalimu, jina lake Mwanakheri. Siku ya kwanza akafundisha kusoma. Siku ya pili akafundisha hesabu. Siku ya tatu akamwingiza darasani punda wa Mzee Tora, akawaonyesha watoto kidonda mgongoni, pale shogi, ule mfuko wa mzigo, linapokwaruza.

"Watoto, mnadhani kinauma?"

Watoto wakasogea kukitazama. Hawajawahi kuulizwa jambo hilo.

Mzee Tora aliposikia, akaja juu. Baraza likakaa.

"Mwalimu, tumekuletea watoto wajue kusoma, wewe unawafundisha mambo ya punda! Huruma ni kazi ya nyumbani. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Ama somo hilo liondoke, ama uondoke wewe!"

"Mzee wangu, niwie radhi," akasema Mwanakheri. "Na asiyefundishwa nyumbani?"

"Hapa kwetu hayupo!"

Wakabishana asubuhi, wakabishana adhuhuri, wakabishana hata alasiri. Mwisho Jumbe wa mji akasema, "Mbona wanyama wenyewe hatujawauliza?"

Akaulizwa kuku. Kuku akasema, "Mimi nifundisheni kukimbia."

Akaulizwa paka. Paka akasema, "Fundisheni mtakalo, mkia wangu tu msiukanyage."

Akaulizwa punda. Punda akatikisa masikio, akasema, "Nileteeni Mwatatu."

Mwatatu ni binti wa Mzee Tora, mtoto wa miaka minne, skuli hajaiona hata mlango. Akaletwa.

"Binti, nipeleke kisimani," akasema punda.

Mtoto akatazama huku na huku, akaokota kijiti. Akampiga punda, pa! "Ya jana." Pa! "Ya leo." Pa! "Ya kesho."

"Ahsante," akasema punda. "Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Namwona baba."

Punda akamgeukia Mzee Tora.

"Bwana wangu, mnabishana kama somo langu lifundishwe au lisifundishwe. Mbona limekwisha kufundishwa? Nataka kujua jambo moja tu. Hiyo ya kesho, kesho nilifanya nini?"

Aibu ikamshika Mzee Tora mpaka machozi yakamlenga. Akakichukua kile kijiti mkononi mwa mwanawe, akakivunja.

"Mwalimu, usiondoke," akasema. "Somo hilo ni siku gani? Nitakaa nyuma."

Lakini mazoea yana taabu. Kesho yake Mzee Tora alichapa mbili. Keshokutwa, moja. Siku ya tatu fimbo ikabaki ukutani, na punda akaenda kisimani kwa mwendo uleule.

Ngano yangu imetua mzigo hapo. Funzo lake ni kwamba mtoto hangoji kengele ya skuli; anasoma tangu yungali mgongoni kwa mamaye. Basi tazameni mnasomesha nini.

Mimi mwenyewe juzi nilipita Mikuyuni, nikamkuta punda kasimama njiani, nikamzaba kofi. Akageuka, akaniuliza taratibu, "Ya lini hiyo?"

Mpaka leo natafuta jibu. Mwenye nalo anipe, kisha mikono muitoe mapajani.