Benchi la Mwenyekiti Santo

Anayelala kwenye godoro jipya huwashangaa wanaojikuna. Atasema wanadeka, au hawakuoga. Ndiyo maana wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: taabu ya mwenzako huwezi kuipima mpaka uionje. Mwenyekiti Santo wa mtaa mmoja wa Namuwongo, jijini Kampala, aliipenda sana methali hiyo. Aliitaja harusini na matangani, na hata siku moja hakudhani kwamba ilikuwa ikimsema yeye.

Santo alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye kitambi cha heshima na Kiswahili cha kambini. Aliongoza LC1, yaani serikali ya mtaa, ile iliyo karibu zaidi na mlango wa mwananchi. Ukitaka kitambulisho au nafasi ya chuo, sharti upate barua yake yenye muhuri. Muhuri wenyewe aliufunga kwenye leso akautia katika mfuko wa shati, kama bibi harusi anavyoficha pete ya urithi. Kutwa alikaa barazani akicheza mweso, akihamisha kete kutoka shimo hili hadi lile, huku wenye shida wakingoja kwenye benchi. Jibu lake lilikuwa moja tu: "Kuja kesho."

Aciro, binti wa askari polisi, alikuwa ameambiwa hivyo mara saba. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi huko Old Kampala, na kilichobaki kilikuwa barua ya mwenyekiti. Mara ya kwanza aliambiwa wino umekauka. Mara ya nne, picha yake haikuonyesha masikio. Mara ya saba Santo alimkazia macho binti huyo, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwake, akamwuliza, "Nani anajua wewe hapa?" Siku ya mwisho ya kupokea barua ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo nafasi ingepewa mwingine.

Ijumaa hiyohiyo ndiyo ilikuwa siku ya mchezo. Celestine Nangila, Mkenya aliyeshona sare za shule, alitumia likizo kuwafundisha vijana wa mtaa mambo ya serikali za mitaa kwa maigizo. Walikuwa wamejifunza kwamba halmashauri ya LC1 ina watu kumi, si mmoja, na kwamba mwenyekiti huchaguliwa mchana kweupe, watu wakipanga mstari nyuma ya wamtakaye. Mchezo wao ulifuata desturi hiyo. Mtazamaji aliyeona raia anakosea jukwaani aliruhusiwa kupiga makofi na kuchukua nafasi yake, na mwishoni watu wote walipanga mstari nyuma ya mwenye haki.

Mgeni wa heshima alikuwa Mwenyekiti Santo. Kwa ukarimu aliwaazima hata benchi lake na bao lake la mweso. Aciro aliigiza mwenyekiti, amevaa koti la baba yake lililomfika magotini. Karatasi nyingine haikuwepo, kwa hiyo barua iliyoombewa muhuri jukwaani ilikuwa yake mwenyewe.

Mchezo ulianza saa tisa. Kijana aliyeigiza raia aliambiwa arudi kesho, akafoka, akafukuzwa. Santo alicheka mpaka akapangusa machozi.

"Raia gani huyu? Hapana adabu!" alisema, akapiga makofi na kupanda jukwaani. "Mimi nitaonyesha nyinyi. Mkubwa anangojewa pole pole."

Aliichukua barua, akainamisha kichwa. "Afande, mimi nataka muhuri."

"Keti," alisema Aciro bila kuinua macho, akahamisha kete.

Santo akaketi. Benchi likayumba kushoto, likayumba kulia, kisha akaruka kama aliyekalia siafu. "Hii benchi iko na msumari!"

"Ni benchi ya serikali," Aciro alimjibu. "Vumilia."

Watu wakaangua kicheko, kwa maana kila mmoja wao alikuwa na kovu la msumari huo. Mwenyekiti alikuwa amelimiliki benchi hilo miaka kumi na miwili pasipo kuligusa kwa makalio. Aciro aliendelea kucheza. Kila kete ilikula dakika zake mwenyewe, na aliiona saa ya Celestine inakaribia saa kumi. Hata hivyo hakuharakisha, kwani hasira ya mara saba haimalizwi kwa dakika moja.

"Picha iko wapi?" aliuliza hatimaye. "Aa, masikio haionekani."

"Masikio si hii hapa!" Santo alifoka, akiyavuta yote mawili.

"Nani anajua wewe hapa?"

"Mimi? Hata mbuzi ya Namuwongo inajua mimi!"

"Kuja kesho."

Santo akasimama kwa ghadhabu, na kipande cha suruali yake kikabaki kwenye msumari. "Hapana kesho!" alinguruma. "Mimi ni raia! Barua ni haki yangu! Muhuri hapana mali ya baba yako!"

Watu wakalipuka kwa shangwe. Celestine alitangaza mstari, na Santo alipogeuka hakuamini macho yake. Mstari ulitoka jukwaani ukafika karibu na reli. Katika uchaguzi alikuwa amepata watu arobaini na mmoja, na watatu kati yao walikuwa wamepotea njia.

"Hawa wote yangu?" aliuliza, meno yote nje.

"Wote, Mzee," Celestine alimjibu. "Mwenyekiti hajapata hata mmoja."

Santo akakitazama kiti cha mwenyekiti, koti lile na bao lake mwenyewe la mweso, na tabasamu likamkauka. Mbele kabisa ya mstari alisimama Rosalba, mkewe.

"Hata wewe, mama?"

"Hata mimi. Mlango wa jiko nimekuomba tangu Krismasi. Kila siku kesho, kesho!"

Aciro alivua koti, akasema, "Mzee, hiyo barua ni yangu ya kweli. Chuo kinafunga saa kumi na moja. Nimekuja mara saba, Mzee."

Santo aliisoma barua kwa mara ya kwanza, mkono mmoja ukiziba suruali nyuma. Aliona haya, haya ya mtu mzima. Akafungua leso, akautoa muhuri, akaupulizia pumzi na kuugonga mbele ya watu wote. "Kimbia, binti," alisema. "Mimi najua wewe."

Aciro akarukia bodaboda. Saa kumi na dakika arobaini na tano alipiga simu kwamba barua imepokelewa, na watu wakampigia vigelegele.

"Vizuri," alisema Santo. "Sasa hii msumari, kesho nitaleta nyundo..."

"Leo!" mtaa mzima ukapaza sauti, na Rosalba ndiye aliyeileta nyundo. Mwenyekiti akapiga magoti akaugongomea msumari wa benchi lake, suruali ikipepea, akinung'unika methali aipendayo, na safari hii aliielewa: kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.