Sultani Aliyekataa Kusalimu Katika Sataranji

Hapo zamani, katika mji wa Shungavu, alitawala Sultani Hamadi, mpenzi mkubwa wa sataranji. Naye alikuwa ametoa amri: mchezaji akisalimu na kukubali kushindwa mapema, amemnyima Sultani utamu wa ushindi, na afungwe; akisalimu kwa kuchelewa, amempotezea Sultani wakati wake, na afungwe. Wakati ulio sawa aliujua Sultani peke yake, wala hajapata kumwambia mtu. Basi ikawa gereza limejaa: kadhi yumo, mpishi yumo, hata tabibu yumo.

Palikuwa na fukara mmoja, Kombo Tenge, asiye na kanzu ya pili, ambaye harusi yake ilikwama kwa kukosa kadhi wa kufunga ndoa. Alipochoka kungoja, akaenda jumbani kwa Sultani, akasema, "Bwana wangu, nimekuja kucheza."

Wakacheza. Na Kombo, kwa kuwa hakuwa na kazi, alikuwa hodari wa mchezo ule. Ilipofika adhuhuri Sultani alibakiwa na mfalme wake na askari mmoja, na kete za Kombo zimemzunguka kama kunguru jaani.

"Bwana wangu hasalimu?" akauliza waziri kwa unyenyekevu.

"Nisalimu nini? Hali yangu ni njema. Nafikiri tu."

Akafikiri mpaka alasiri. Chakula kikaletwa, kikapoa, kikarudishwa. Waziri akasinzia kwa kusimama.

Kombo akasema, "Bwana wangu, kama upande wako ni mwema hivyo, mimi nautamani. Tubadilishane viti."

Sultani akainuka upesi, wakabadilishana. Kombo, hata hajakaa vizuri, akamlaza mfalme chali. "Nimesalimu."

"Nimeshinda," akasema Sultani, uso umemng'aa. Kisha akaikumbuka amri yake. "Lakini utafungwa."

"Nimeridhia, Bwana wangu. Ila kwa kosa lipi? Nimewahi, au nimechelewa?"

Sultani akapima moyoni. Akisema amewahi, basi upande ule una matumaini bado, na itampasa arudi aukalie mwenyewe. Akisema amechelewa, aliyechelewa ni nani, ikiwa Kombo hakuukalia hata kadiri ya kupiga chafya?

Waziri akajiziba uso kwa ncha ya kilemba, mabega yakimtetema.

"Aliyechelewa ni mimi," akasema Sultani kwa sauti ndogo. Na kwa kuwa amri ni amri, akavua upanga, akaenda gerezani kwa miguu yake, Kombo nyuma.

Wakawakuta wafungwa wamechora sataranji sakafuni kwa mkaa, wanacheza kwa kokwa za tende, na mtu akishindwa hucheka akaanza upya. Sultani akaomba nafasi. Mpishi akamshinda, tabibu akamshinda huku akimwomba radhi, naye Sultani akacheka mpaka machozi yakamtoka. Papo hapo akaifuta amri, akaagiza milango ifunguliwe.

Hakuna aliyetoka. Ikabidi Kombo aende mbio kumwita baba wa bibi harusi, na ndoa ikafungwa mle mle gerezani, kadhi akisoma hotuba kwa haraka, jicho moja kwenye kokwa zake, Sultani asije akazisogeza.