Mawe ya Mwalimu Nyangeta

Mwalimu Nyangeta, ambaye mpira pekee aliowahi kuupiga ulirudi ukamvunjia miwani, alikwenda kuwaombea wanafunzi wake nafasi katika klabu ya Bwana Kisanji.

"Bila ada hawachezi, Mwalimu."

"Wasicheze, baba. Mimi na mpira wapi na wapi? Ila naona vijana wako wanazunguka mawe wakijifunza chenga. Wanangu wasimame badala ya mawe, bure."

"Wasimame tu?"

"Kama mawe."

Baada ya mwezi Kisanji alimjia akihema. "Mwalimu, mawe yako yamezijua chenga zetu zote! Yanawanyang'anya vijana wangu mpira!"

"Maskini mimi, hata mawe yamenishinda. Niyaondoe?"

"Thubutu! Jumamosi tuna fainali, nayataka uwanjani."

"Na ada?"

"Mwalimu, umeona wapi jiwe likilipa ada?"