Aliyevaa Koti la Marehemu

Wapendwa, leo nataka mcheke kidogo, maana nyuso nyingine humu ndani zimekunjamana tangu wimbo wa kwanza.

Kulikuwa na binti mmoja aliyekuwa anasomea ustawi wa jamii. Shahada kabisa, siyo mchezo! Somo la kuheshimu mila za watu alipata A. Akapelekwa fildi kwenye kijiji kimoja cha Wahehe, kitambulisho shingoni, daftari mkononi. Kazi yake ya kwanza ikawa kumhudumia mama mmoja mjane aliyemzika mumewe jana yake, na tangu mazishi hakuwa ametia kitu mdomoni.

Binti akakaa naye mkekani. Mara mlangoni akatokea mwanamume amevaa koti la marehemu na kofia ya marehemu, anachechemea kama marehemu alivyokuwa anachechemea. Akapaza sauti: "Mke wangu, nimerudi! Huko wamenifukuza, wanasema nakoroma! Uji wangu uko wapi?"

Mnajua binti alifanya nini? Alisimama kama askari. Akaandika daftarini: ukatili dhidi ya mfiwa. Akamwita mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti, kwa kuheshimu elimu, akamwambia yule bwana asikanyage tena pale msibani. Yule bwana akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka mlangoni, akaenda zake.

Siku ile mama hakula. Kesho yake hakula. Binti akamwuliza kwa sauti ya upole, kama alivyofundishwa, "Mama, unajisikiaje?" Mama akageukia ukutani. Siku ya tatu midomo imekauka; huyu mama angeweza kumfia binti mikononi.

Ndipo mama akasema, polepole, "Mwanangu, yule uliyemfukuza ni Mngoni. Ni mtani wetu. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakabaki kutaniana. Sisi Wahehe tukifiwa, yeye ndiye anayetuchekesha mpaka tule. Sasa mimi nitakula na nani?"

Jamani! Kwenye mtihani alipata A!

Binti alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki uani. Akamkuta yule bwana anapasua kuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Nimekosa. Mama hajala mpaka leo."

Bwana akaweka shoka chini. Akamtazama. "Kwani wewe mwenzetu ni kabila gani?"

"Baba yangu ni Mhehe. Ila mimi nimekulia mjini."

Lo! Yule bwana alicheka mpaka akakalia kuni zake. "Kumbe nimefukuzwa na mtani wangu mwenyewe! Mhehe asiyejua Mngoni wake! Haya, faini yako hii hapa: utabeba chungu cha uji, utatangulia, na ukifika mlangoni utapiga hodi useme, 'Mjinga wenu amekuja, na amemrudisha mwenye akili.'"

Na alisema, wapendwa. Msomi wa watu, chungu kichwani, kiatu kimoja, alisema neno kwa neno mbele ya msiba mzima, na bwana nyuma yake akalivaa tena lile koti aliloliacha mlangoni. Mama akageuka kutoka ukutani. Akamwona binti, akaona na koti linachechemea nyuma yake. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kicheko, na katikati ya hayo akanyoosha mkono akapokea kikombe. Akanywa. Akaomba cha pili!

Sasa tusimcheke sana huyu binti. Yeye alikosa akakimbia kwenda kuomba radhi. Sisi je? Sisi tunaojua aya za faraja kwa moyo, tumemfukuza nani msibani kwa sababu hatukuelewa kicheko chake? Msemo unasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, sisi tukiingia kwa watu, mwenyeji anapona, au anageukia ukutani?

Baada ya ibada tunakwenda kumpa pole mzee wetu aliyefiwa, wa ng'ambo ya mto. Najua mmeshapanga maneno, mengine marefu. Yaacheni kwenye mikoba. Tukifika, mwulizeni kwanza: mzee, nani huwa anakuchekesha? Akimtaja, twendeni tukamlete, hata kama ni yule ambaye sisi wenyewe tulimfungia mlango.