Kwa Nini Viongozi wa Sombo Huingia Barazani na Matope Miguuni

Zamani za mababu, kabla Sombo haijaitwa kaunti, baraza la wazee halikukaa ukingoni mwa mto kama unavyoliona leo. Lilikaa juu kilimani, mahali pakavu penye upepo mwanana, na wazee wake walijivunia usafi kupita kiasi. Mkeka wao ulikuwa mweupe pee. Mlangoni palikuwa na karai la maji, na hakuna aliyeingia kabla ya kuosha miguu, awe mkulima, mvuvi au mgeni.

Tusiwacheke lakini. Hao ndio waliogawa mashamba ya bonde zima bila mtu kushikiwa panga. Hao ndio waliojenga ghala moja la mbegu kando ya mto, ili mwenye nacho na asiye nacho wapande mpunga siku moja. Ghala hilo halikufunguliwa bila amri yao, na watu waliitii amri hiyo kwa moyo mkunjufu.

Bondeni aliishi mfinyanzi mmoja, Hamaro, mjane aliyekuwa akilea wajukuu wanne. Mwaka huo nzige walikuwa wamefyeka kila jani, na mbegu zote zilizosalia Sombo zilikuwa ndani ya ghala lile. Asubuhi moja, akichimba udongo wa vyungu ukingoni, Hamaro aliona miguu yake imejaa tope jekundu. Tope la Sombo ni jeusi. Jekundu hushuka kutoka milimani, mwendo wa siku nyingi, nalo hutangulia mafuriko. Aliwafikiria wajukuu wake, akaacha jembe palepale.

Alipanda kilima, akaosha miguu kama ilivyo desturi, akaingia na kueleza. Wazee walitazama nje. Mbingu ilikuwa nyeupe, hata wingu la kusingiziwa halikuwapo. Mwenyekiti wao, Mzee Komora, alimwambia kwa upole kwamba hofu ya nzige bado haijamtoka, akapumzike. Hamaro alirudi bondeni, machozi yakimlengalenga.

Kesho yake tope jekundu lilimfika magotini. Alipanda tena mbiombio. Pale mlangoni, bawabu Buya akamsogezea karai. Hamaro aliinua mguu, akachungulia maji yale. Yalikuwa mekundu kwa miguu ya wavuvi waliomtangulia asubuhi hiyo. Hapo akang'amua. Habari za mto zilikuwa zikifika kilimani kila siku, na kila siku zilimwagwa nyuma ya nyumba pamoja na maji machafu.

"Mama Hamaro, miguu kwanza," alisema Buya.

"Leo sioshi, mwanangu. Nikiosha, nitakuwa nimekuja bure."

Akampita. Akaukanyaga mkeka mweupe kutoka mlangoni hadi mbele ya mwenyekiti, hatua kwa hatua, na kila hatua iliacha alama. Wazee waliguna. Mmoja alishika bakora. Mzee Komora, ambaye ujanani alikuwa mpiga kasia hodari, aliinama kuitazama ile aibu. Alichota tope kwa kidole, akalisugua kati ya vidole viwili.

"Hili ni la milimani," alisema. "Mbona hatukuambiwa?"

"Mliambiwa, baba. Mlituosha kwanza."

Sifa ya Komora ni hii: hakubishana. Alivua joho lake, akateremka mwenyewe kufungua ghala, na wazee wote wakamfuata. Walibeba vikapu begani bega kwa bega na wanawake na wavuvi, siku nzima, hadi kikapu cha mwisho kikafika kilimani. Alfajiri maji yalikuja yakinguruma, yakalizoa ghala na kuta zake. Mbegu zilisalimika. Maji yalipopungua Sombo ilipanda, na wajukuu wa Hamaro wakala wali.

Na tangu siku hiyo baraza lilihamia ukingoni. Kila kiongozi wa Sombo, hata huyu wa leo anayekuja kwa gari, huvua viatu, hukanyaga mtoni kwanza, kisha huingia na tope lake. Mkeka hausafishwi mpaka kikao kiishe. Mgeni akiuliza pa kuosha miguu, bawabu humwambia aingie hivyohivyo, kwani karai alipewa Hamaro, akalitumia kukandia udongo wa vyungu.