Tawi la Kiboko Mlangoni kwa Ngiri

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ndiyo pakawa, au mnapiga miayo? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Kabla sijaanza, kuna pikipiki imeegeshwa mlangoni kwangu. Nimeingia nyumbani kwangu ubavu ubavu kama mwizi. Mwenyewe namwona, amekaa pale nyuma, anachunguza kucha zake. Baba Sekela, usiinuke. Keti hapo hapo. Hadithi ya leo ni yako.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa wakivuta mikokoteni. Na njia ya kwenda mtoni ilikuwa moja. Nyembamba! Huku mwamba, huku miiba. Mmoja akisimama, wote wamesimama.

Basi wakamchagua Ngiri awe afisa wa njia. Kwa nini Ngiri? Kwa sababu mkia wake ukisimama unaonekana toka mbali. Sifa nyingine hakuwa nayo.

Ngiri akapanda juu ya jiwe. Mkia twaa! Akatangaza sheria.

"Hakuna kusimama kwenye kona! Hakuna kusimama kwenye kivuko! Hakuna kuegesha mbele ya mlango wa mtu! Atakayesimama, nitamfunga kamba, yeye na mkokoteni wake, mpaka jua lizame!"

Wanyama wakapiga makofi. Pa! Pa! Pa! Sheria nzuri. Kila mmoja akafikiri imetungwa kwa ajili ya jirani yake.

Siku hiyo hiyo, mkokoteni ukasimama katikati ya kivuko. Ngiri akaja mbio, tipu tipu tipu, kamba begani. "Nani huyo? Nani huyo?"

Alikuwa Kiboko.

Mkia wa Ngiri ukashuka. Sauti nayo ikashuka. "Shikamoo, mheshimiwa. Naona... umesimama."

"Nimeharibikiwa," akasema Kiboko.

"Pole sana, mheshimiwa. Gurudumu?"

"Hapana. Hamu ya kutembea."

Mngekuwa nyinyi mngecheka. Ngiri hakucheka. Alikimbia akavunja tawi bichi, akaliweka nyuma ya mkokoteni wa Kiboko, kwa mikono miwili, kwa adabu. Akawageukia wanyama waliopanga foleni.

"Mnaona tawi? Mwenye tawi ameharibikiwa. Na aliyeharibikiwa haguswi. Piteni kwenye miiba."

Wakapita kwenye miiba.

Kesho yake, kila mnyama alitoka nyumbani na tawi lake. Fisi akasimama kwenye kona, akaweka tawi, akatafuna mfupa. "Nimeharibikiwa." Nyani akasimama palepale, akaweka matawi mawili, maana yeye alikuja na shemeji yake. "Tumeharibikiwa." Wakakaa wanapiga soga. Sijapata kuona nchi yenye maharibiko mengi hivyo na hakuna fundi hata mmoja.

Na miti ya kando ya njia? Ikabaki vijiti vitupu.

Sasa alikuwepo Muhanga. Mnamjua Muhanga? Yule mwenye pua ndefu na makucha kama majembe. Mashimo yote ya nchi ile alichimba yeye. Hata shimo alilolala Ngiri, na mkewe, na watoto wao watatu, alilichimba Muhanga. Alichimba siku tatu, akaambiwa asante, akaenda zake.

Asubuhi moja Muhanga anavuta mkokoteni wake, polepole njiani, ngwa, ngwa, ngwa. Mara, kacha! Gurudumu likachomoka, likaviringika, likalala chali njiani. Muhanga akasimama. Angefanya nini?

Tipu tipu tipu, Ngiri huyo. Mkia wima.

"Umesimama!"

"Nimeharibikiwa, afande."

"Tawi liko wapi?"

"Afande, miti imekwisha. Lakini gurudumu lile pale. Umelikanyaga."

Ngiri akainua mguu. Akalitazama gurudumu. Akaushusha mguu palepale.

"Mimi siulizi gurudumu. Nauliza tawi."

"Ningekuwa na tawi bila kuharibikiwa, ungeniacha?"

"Ningekuacha."

"Na sasa nimeharibikiwa bila tawi?"

"Nakufunga," akasema Ngiri, wala hakuona haya. Akamfunga Muhanga kwenye mikono ya mkokoteni. Fundo la kwanza, fundo la pili, fundo la tatu. Ngiri alijivunia sana mafundo yake. Akajisifu mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumsifu.

Huku nyuma, Kiboko alikuwa anakwenda kuoga. Mkokoteni umejaa majani mabichi, mzito kama nyumba. Akatafuta mahali penye kivuli, karibu na maji. Akapaona. Akaegesha. Ngwa!

Mnajua aliegesha wapi? Mlangoni kwa Ngiri. Juu ya mdomo wa shimo, barabara, kama kifuniko cha chungu.

Mama Ngiri akaita toka ndani. "Baba! Umetuziba! Tupo na watoto huku!"

"Dakika moja tu, mama," akasema Kiboko. "Nimeweka tawi."

Akaenda mtoni. Chubwi!

Dakika ya Kiboko mnaijua? Baba Sekela anaijua. Wanyama walikula, wakashiba, wakasikia njaa tena, dakika haijaisha.

Mara mbingu ikanguruma. Gruuu! Mvua ikashuka milimani. Maji yakaja shwaaa! Yakafuata njia. Yakakuta mdomo wa shimo. Mkokoteni wa Kiboko haukuweza kuyazuia maji kuingia. Ulizuia watu kutoka, basi.

Ngiri akasikia kilio cha mkewe. Akaja mbio. Akasukuma mkokoteni. Wapi! Akasukuma kwa kichwa, kwa bega, kwa makalio. Haukutikisika. Akakimbilia mtoni.

"Mheshimiwa! Mkokoteni wako! Wanangu wanazama!"

Yakatokea masikio mawili na pua. "Umeona tawi?"

"Nimeliona, mheshimiwa."

"Sasa tatizo nini?" Masikio yakazama.

Akawakimbilia Fisi na Nyani. "Jamani, nisaidieni kusukuma!"

Fisi akatikisa kichwa. "Tuguse mkokoteni wenye tawi? Sisi? Tunaheshimu sheria, afande."

"Wanangu wamo ndani!"

"Tunawaonea huruma kabisa," akasema Nyani. "Ila na sisi tumeharibikiwa."

Ngiri akasikia mtoto wake mdogo akiita, "Baba!" Maji yalikuwa yamefika kifuani kwa mama yake. Hapo ndipo akakumbuka. Shimo lile lilichimbwa na nani?

Akapiga mbio kwenda kwa Muhanga. Lakini njia! Mkokoteni huu, tawi. Mkokoteni ule, tawi. Akaruka mmoja, akapita chini ya mwingine, akaingia kwenye miiba, akatokwa damu mashavuni. Kila alipokwama, lilikuwa tawi aliloliruhusu yeye.

"Muhanga! Njoo uchimbe! Upesi!"

"Nimefungwa, afande."

Ngiri akashika fundo. Fundo gumu. Mafundo yake mazuri yale, ya kujivunia! Akayatafuna kwa meno, huku analia. La kwanza. La pili. La tatu.

"Na mkokoteni wangu je?" akauliza Muhanga. "Nauacha hapa, hauna tawi."

"Achana na tawi! Nakuomba!"

Muhanga akamtazama. Alikuwa na mengi ya kusema, na haki ya kuyasema alikuwa nayo. Akasema moja tu. "Watoto hawakutunga sheria."

Akazama ardhini palepale. Paru paru paru! Akapita chini ya kona, chini ya Fisi, chini ya Nyani na shemeji yake. Paru paru paru! Akatokea nyuma ya chumba cha Ngiri. Maji yakapata pa kwenda. Akamtoa mama. Akamtoa mtoto wa kwanza. Akamtoa wa pili. Wa tatu, yule mdogo, akatoka amelegea. Hatikisiki.

Mama Ngiri akamlaza kifudifudi. Akamsugua mgongo. Kimya. Akamsugua tena. Kimya. Ngiri akaanguka chini akajificha uso.

"Chya!" Mtoto akapiga chafya. Akalia. Hakuna wimbo mtamu kama kilio kile.

Ndipo Kiboko akatoka majini, anachuruzika. "Nani kachimba karibu na mkokoteni wangu? Je, kama ungetumbukia shimoni?"

Ngiri akainuka. Mkia twaa! Akaenda mpaka kwenye lile tawi. Akaliokota. Akalitia mdomoni. Akalitafuna, kwaru, kwaru, majani na kijiti chake. Akameza.

"Umesimama mlangoni kwa mtu," akasema.

"Lakini nimeweka tawi!"

"Tawi gani, mheshimiwa?"

Kiboko akatazama huku na huku, atafute wa kucheka naye. Fisi alikuwa anaficha tawi lake chini ya tumbo. Nyani alikuwa anayakalia ya kwake. Hakuna aliyecheka.

"Vuta kwanza mpaka pembeni," akasema Ngiri. "Ukifika pembeni, nikufunge."

Akavuta. Akafungwa. Mafundo matatu. Kisha Ngiri akaenda kwa Muhanga, akatafuta lile gurudumu, akalirudisha kwa mikono yake, akaomba radhi mbele ya wote.

Tangu siku hiyo, ngiri haingii tena shimoni kwa kichwa. Nendeni mkamtazame. Anaingia kinyumenyume, makalio mbele, uso nje. Anamwangalia atakayeegesha mlangoni.

Na funzo ni hili, wala sifichi: ukimlegezea mkubwa sheria, usishangae siku atakapoegesha mlangoni kwako. Na anayesema "dakika moja tu", muulizeni ni dakika ya nani.

Hadithi yangu naiegesha hapa, pembeni kabisa, mtu asikwazike.

Baba Sekela, sasa waweza kuinuka ukaiondoe pikipiki. Tawi lako nimekwisha kulila.